Uzi: Ron Thornton alipata tuzo ya televisheni ya Emmy kwa kompyuta za mezani, kisha studio yake ikafungwa. Ni nini hasa kilichoikatisha safari ile?

#1 MwanaNyota

Wakuu, salaam. Nimekuwa nikifuatilia maisha ya kikazi ya mafundi wa madoido ya picha (picha za kubuni zinazoongezwa kwenye filamu) katika tamthilia za bunilizi ya sayansi, na kuna mmoja ambaye kila nikimsoma hunibakizia swali lilelile. Ron Thornton alikuwa Mwingereza aliyejifunza kazi kwa mikono, akijenga modeli, yaani mifano midogo ya vyombo na majengo, kwa ajili ya tamthilia za BBC kama Doctor Who na Blake's 7, kabla ya kuhamia Marekani. Huko yeye na wenzake walianzisha studio ya Foundation Imaging, wakachukua kompyuta za Amiga zenye kadi ya video ya Video Toaster na programu ya kuchora picha za 3D ya LightWave, vifaa ambavyo hata mpiga video za sherehe angeweza kuvinunua, wakatengeneza kwa vifaa hivyo anga zima la tamthilia ya Babylon 5. Filamu ya utangulizi ilirushwa Februari 1993, na mwaka huohuo ikapata Emmy ya madoido ya picha.

Baada ya misimu mitatu, kazi hiyo ilihamishiwa Netter Digital, kampuni ya mmoja wa watayarishaji wa tamthilia yenyewe. Foundation Imaging ilifungwa mwaka 2002. Thornton alifariki Novemba 2016.

Dai langu ni kwamba kilichomwangusha ni kufaulu kwake. Aliuonyesha ulimwengu kwamba kazi iliyokuwa ikihitaji ghala la modeli, reli za kamera na jeshi la mafundi inaweza kufanyika katika chumba kimoja, na mteja aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti chake akaanza kujiuliza kwa nini asinunue kompyuta zake mwenyewe. Naomba kuwasilisha.

#2 Mtazamaji Sugu

Dai limekaa vizuri, mkuu, ila limekaa vizuri mno. Mambo ya biashara hayana kawaida ya kuwa na mzunguko mzuri wa hadithi kama huo.

#3 Karani wa Kumbukumbu

Naomba kurekebisha mambo mawili kabla uzi haujakimbia. Kwanza, bandiko la #1 linamfanya msomaji adhani studio ilikufa kwa kupoteza Babylon 5, lakini kati ya tukio hilo na kufungwa kwake ilipita takriban miaka sita, na ndani ya miaka hiyo walifanya madoido ya Star Trek: Voyager, katuni ya Roughnecks, na picha mpya za toleo la mwongozaji la Star Trek: The Motion Picture lililotoka mwaka 2001. Hiyo si orodha ya watu waliokwisha kuzikwa.

Pili, Netter Digital iliyowarithi ilifilisika mwaka 2000, yaani iliwatangulia kuanguka. Kama sababu ni kwamba mteja aligundua faida ya kumiliki kompyuta zake mwenyewe, basi faida hiyo haikumfikisha mbali.

#4 MwanaNyota

Nimepokea, Karani, na ahsante. Hata hivyo sioni kama hoja yako ya pili inaibomoa yangu. Mtu anaweza kumnyang'anya jirani ng'ombe kisha ng'ombe huyo akamfia. Haina maana kwamba hakumnyang'anya.

#5 Binti Fremu

Nafanya kazi ya kuunganisha tabaka za picha, kwa hiyo niruhusuni niongee kutoka kwenye kiti chenyewe. Mnazungumzia kompyuta kana kwamba ndizo zinazolipa mishahara. Kinachoua studio za madoido ni mkataba wa bei moja. Studio inataja bei kabla ya kuona picha hata moja, mteja anaikubali, na tangu siku hiyo kila anapobadilisha mawazo anayebeba gharama ni studio.

Nitatoa mfano wangu, na kampuni nitaiacha bila jina. Nilipewa picha ya fremu 96, yaani sekunde nne tu, ya mwanaanga anayegeuza kichwa. Kioo cha kofia yake kilipopigwa picha kilikuwa kikiakisi kamera, mshika taa na kikombe cha mtu. Nikavifuta vyote fremu kwa fremu, nikaweka mwakisi wa sayari, ukapokelewa. Wiki ya pili ikaja taarifa kwamba sayari sasa itakuwa nyekundu. Nikabadilisha. Wiki ya tatu wakaamua kwamba mwanaanga huyo hayupo mbele ya sayari hata kidogo, bali yumo ndani ya chombo, kwa hiyo nikaanza upya na kioo kilichojaa vitufe. Wiki ya nne picha nzima ikakatwa. Bei haikuongezeka hata senti, na saa zangu za usiku hakuna aliyezihesabu.

Rhythm & Hues waliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi Februari 2013, na kabla ya mwezi huo kwisha filamu waliyoifanyia madoido, Life of Pi, ikapata Oscar ya madoido. The Mill waliifanyia Doctor Who madoido iliporudi mwaka 2005, kisha kitengo chao cha filamu na televisheni kikafungwa mwaka 2013. Hizo ni studio zenye watu hodari na vifaa ghali, tena za zama tofauti kabisa na Amiga, na bado zilipita njia ileile. Kwa hiyo, kaka MwanaNyota, huenda Thornton hana upekee wowote katika kuanguka kwake.

#6 Fundi Gundi

Vijana, mmeanza na vitabu vya hesabu kabla ya kuitazama kazi yenyewe. Mimi nimejenga modeli kwa miaka mingi, za maonyesho na chache za filamu, na naomba tumtazame mtu huyu kama fundi.

Vyombo vya Babylon 5 vilikuwa na uzito machoni kwa sababu aliyeviongoza alikuwa ameshika gundi. Katika modeli za zamani, fundi alinunua maboksi ya vifaru na meli za plastiki za kuunganisha, akavunja vipande vidogo vidogo, akavibandika juu ya mwili wa chombo hadi jicho likaamini kwamba kuna mabomba na milango. Kisha akachukua unga wa penseli, akaupaka kwa brashi kavu kwenye maungio ili chombo kionekane kimetumika. Mtu aliyefanya hivyo akiingia kwenye kompyuta hawezi kukubali uso laini unaong'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Itazameni Starfury, chombo cha kivita cha Babylon 5: injini zimewekwa kwenye ncha za mabawa manne, hivyo rubani anaweza kukigeuza chombo kikaangalia nyuma huku kikiendelea kuteleza kilikokuwa kinakwenda, kama inavyopaswa kuwa mahali pasipo na hewa.

Tena kuna kanuni ambayo wengi wa kompyuta hawakuijua. Uvutano wa dunia haupungui kwa sababu modeli ni ndogo. Ukilipua jengo la mfano lenye ukubwa wa sehemu moja ya 25 ya jengo halisi, vifusi vitafika chini upesi mno na mtazamaji ataona kichezeo. Dawa yake ni kutafuta kipeuo cha pili cha 25, ambacho ni 5, ukakizidisha kwa fremu 24, ukaiendesha kamera kwa fremu 120 kwa sekunde. Ukirusha kwa mwendo wa kawaida, vifusi vinaanguka taratibu, na jengo linakuwa jengo. Derek Meddings na vijana wake kwenye Thunderbirds, tamthilia ya zamani ya vikaragosi, waliiishi kanuni hiyo. Maji na moto ndivyo vilivyowashinda, kwa kuwa tone la maji halikubali kupunguzwa na mtu.

Kwa hiyo maelezo yangu ni kwamba studio ile ilikuwa na thamani ilipokuwa peke yake yenye jicho la fundi ndani ya kompyuta. Wengine walipojifunza, jicho likasambaa.

#7 Mpita Njia

Mzee Gundi, katika jukwaa hili hakuna uzi ambao hukuipitisha Thunderbirds, hata ule wa kuchagua kiti cha ofisi. Ila leo nakiri imeingia mlangoni kihalali.

#8 Hesabu Kali

Nakubaliana na kanuni ya kipeuo, na ninashukuru kwa maelezo yake. Lakini hoja ya jicho inasahau muda. Tuseme fremu moja inaichukua kompyuta nusu saa kuichora, jambo ambalo kwa mashine za miaka ile halikuwa la ajabu. Picha ya sekunde tano ina fremu 120. Kwa mashine moja hizo ni saa 60, yaani siku mbili na nusu, na ukikosea mwelekeo wa taa unarudia. Ukiwa na mashine kumi ni saa sita, unaiacha usiku na asubuhi unaikuta. Ndiyo kusema kwamba mwaka 1993 aliyekuwa na mashine nyingi na mtu anayejua kuzipanga alikuwa na mali isiyopatikana kirahisi.

Sasa isogeze miaka tisa mbele. Mashine moja ya 2002 inafanya usiku mmoja kazi ambayo zamani ilihitaji chumba kizima. Kilichouzwa na studio hakikuwa picha peke yake, kilikuwa pia usiku wa mashine, na bei ya usiku huo ilianguka mwaka hadi mwaka. Hii inakaribiana na dai la #1, ila mimi simlaumu mteja aliyesimama nyuma ya kiti. Hata kama asingesimama mtu yeyote, bei ingeanguka.

#9 Binti Fremu

Hesabu Kali, mashine zilipokuwa na kasi zaidi, je, wasanii waliwahi kurudi nyumbani mapema? Katika studio niliyoanzia, tulipoletewa mashine mpya, fremu iliendelea kuchukua muda uleule, kwa sababu kila mtu aliongeza vumbi, ukungu, miale na vivuli laini mpaka kasi ikaliwa. Mteja aliyekuwa akiomba vyombo viwili akaanza kuomba mia mbili.

#10 Karani wa Kumbukumbu

Naongeza jambo ambalo halijaguswa, nalo linahusu kinachobaki baada ya msanii. Modeli kubwa ya Enterprise ya Star Trek ya mwaka 1966, yenye urefu wa karibu meta 3.4, ilikabidhiwa kwa makumbusho ya Smithsonian mwaka 1974, na hadi leo mtu anaweza kwenda kuitazama. Star Trek: The Next Generation ilipiga modeli zake kwenye filamu ya milimita 35, ingawa picha ziliunganishwa kwenye mkanda wa video. Kwa hiyo kati ya 2012 na 2014 wahusika walirudi kwenye negativu, wakaziskani, wakaunganisha tabaka upya, na vipindi vyote 178 vikatoka katika ubora wa juu.

Babylon 5 haikupata bahati hiyo. Waigizaji walipigwa kwa filamu, lakini madoido yalichorwa na kompyuta moja kwa moja katika ubora wa televisheni ya wakati ule, kwa umbo la 4:3, la karibu mraba. Toleo la DVD lilipopanuliwa kuwa skrini pana, picha za madoido zilikatwa juu na chini, zikaonekana na ukungu. Toleo lililosafishwa la mwaka 2021 lilirudi kwenye 4:3, na madoido yakakuzwa tu kutoka kwenye ubora uleule. Ndiyo maana kijana anayeitazama leo anasema picha ni duni, asijue kwamba anaona kivuli cha kazi. Sifa ya msanii ndiyo barua yake ya kuombea kazi, na sifa hii ilichakaa mapema kuliko ilivyostahili.

#11 Mtazamaji Sugu

Hili la #10 limenigusa kuliko yote, kwa kuwa mimi ni mmoja wa waliosema ni duni. Naomba radhi kwa marehemu.

#12 Jahazi Moja

Ninausoma uzi tangu mwanzo na nadhani mnalinganisha Thornton na studio nyingine badala ya kumlinganisha na wasanii wenzake. Tuwaangalie watatu waliopita njia ya Star Trek.

Gary Hutzel alianza na modeli kwenye The Next Generation na Deep Space Nine, kisha akawa msimamizi wa madoido wa Battlestar Galactica mpya, ambako timu yake ilipata Emmy mwaka 2007 na 2008. Alifariki Machi 2016, akiwa bado mtu wa kazi. Rob Legato alikuwa msimamizi kwenye The Next Generation, akahamia sinema na kupata Oscar kwa Titanic, Hugo na The Jungle Book. Wa tatu ni Doug Drexler, ambaye ndiye wa ajabu kuliko wote: alianza kama mpambaji wa sura za waigizaji na akashiriki Oscar ya upambaji kwa Dick Tracy, baadaye akaingia idara ya sanaa ya Star Trek, akajifunza kompyuta, akamaliza akiwa miongoni mwa wachoraji wa vyombo vya Galactica.

Vifaa vilevile, miaka ileile, hatima tofauti. Tofauti ninayoiona ni kwamba hao hawakuwa na kodi ya jengo wala mishahara ya watu wengine mwisho wa mwezi. Mwenye jahazi huzama na jahazi lake, baharia hupanda jingine.

#13 MwanaNyota

Jahazi Moja, jina lako na hoja yako vimepatana. Nakubali kwamba nilichanganya vitu viwili, yaani maisha ya msanii na maisha ya kampuni, na mabandiko ya #3 na #12 yameninyoosha. Lakini hapo unanipa swali jingine. Kama kumiliki studio ndiko kulikomgharimu, je, asingeimiliki angepewa nafasi ya kujaribu Amiga kwenye tamthilia nzima? Hakuna idara ya madoido ya wakati ule ninayoiona ikimruhusu mwajiriwa aache modeli zote ghalani.

#14 Karani wa Kumbukumbu

Kuhusu kuajiriwa, tusilifanye kuwa kimbilio. BBC ilikuwa na idara yake ya madoido tangu 1954, iliyoanzishwa na Jack Kine na Bernard Wilkie, na ikafungwa mwaka 2003, mwaka mmoja tu baada ya Foundation Imaging. Mike Tucker, aliyetoka katika idara hiyo, aliendelea na modeli nje kupitia kampuni yake na akaifanyia kazi Doctor Who mpya. Kwa hiyo tuna mwajiriwa ambaye jahazi la mwajiri lilizama, naye akajenga lake, likaelea.

#15 Jahazi Moja

Hapo umenishika, Karani. Nabaki na hoja yangu, ila nimeshusha tanga kidogo.

#16 Binti Fremu

Kabla hatujamaliza, kuna mambo mawili ya karibuni yanayoongeza uzito pande zote mbili. La kwanza ni ukuta wa taa za LED uliotumika kwenye tamthilia ya The Mandalorian mwaka 2019: skrini yenye kimo cha takriban meta sita, iliyozunguka nyuzi 270 kuizunguka sehemu ya kuigizia, ikionyesha mandhari inayosogea pamoja na kamera. Maana yake ni kwamba msanii wa madoido lazima amalize mandhari kabla ya siku ya kupiga picha, na mwongozaji analazimika kuamua mapema. Nilipoliona hilo nilimkumbuka mwanaanga wangu wa fremu 96, nikacheka peke yangu.

La pili ni kwamba mwaka 2023 wafanyakazi wa madoido wa Marvel walipiga kura ya kujiunga na chama cha wafanyakazi cha IATSE, wakakubaliana kwa kauli moja. Waigizaji, wapiga picha na wapambaji walikuwa na vyama kwa miongo mingi. Wasanii wa madoido walichelewa, na mimi naamini kuchelewa huko kunaeleza zaidi kuliko Amiga zote.

#17 Fundi Gundi

Binti yangu, umesahau la tatu, nalo ni tamu. Katika The Mandalorian hiyohiyo yenye ukuta wa ajabu, chombo kilichoitwa Razor Crest kilijengewa modeli ya mkono, na msimamizi wa madoido John Knoll akatengeneza mtambo wa kuendesha kamera kwa ajili ya kuipiga. Gundi haijafa.

#18 Mpita Njia

Nilijua tu.

Ila mzee, nina malalamiko. Baada ya kusoma #6 nilichukua gari dogo la kuchezea la mwanangu, nikalisukuma kwenye ukingo wa meza lianguke ndani ya sinia la unga, nikalipiga kwa simu kwa fremu 120 kwa sekunde kama ulivyoelekeza. Unga ulipanda vizuri, kivuli kilikaa, mke wangu akauliza ninafanya nini na unga wake. Nilipolirusha kwa mwendo wa kawaida bado lilikuwa gari la kuchezea linaloanguka kwenye unga. Kanuni yako imeniangusha mbele ya familia.

#19 Fundi Gundi

Gari hilo lina ukubwa gani? Haya magari madogo ya mkononi mengi ni sehemu moja ya 64 ya gari halisi. Kipeuo cha pili cha 64 ni 8, na 8 mara 24 ni 192. Wewe ulitumia hesabu ya modeli ya 25, ambayo ni kubwa zaidi ya mara mbili ya yako. Simu yako ikiwa na 240, tumia hiyo. Shusha kamera mpaka lenzi iwe usawa wa magurudumu, uweke taa moja tu na uiweke mbali, kisha uchekeche unga, kwa sababu lile bonge linaloruka upande wa kulia, ambalo nina hakika lipo, likipimwa kwa ukubwa wa gari ni jiwe la kumwua dereva.

#20 Mpita Njia

Bonge lipo. Upande wa kulia. Narudia kesho unga ukipatikana.